Funda Nililopaswa Kulibakiza

Katika miaka yote niliyofundisha jiografia, neno lililonikera kuliko yote darasani lilikuwa "wanasema". Mwanafunzi akisimama na kuniambia, "Mwalimu, wanasema mlima ule una moto ndani," nilimwuliza: nani anasema? Alikuwepo? Aliuona moto huo kwa macho yake? Asipokuwa na jibu, alikaa chini. Wengi wenu mliokaa chini leo mna wajukuu hapa Isiolo, na najua bado mnanicheka. Chekeni. Lakini mnajua pia kwamba mimi si mtu wa kubeba maneno ya watu.

Basi haya ninayoyaandika sikuyapokea kwa mtu. Yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa na akili timamu na miwani yangu machoni. Mkinipeleka mbele ya kadhi na kuniapisha, nitayasema hivi hivi, bila kuongeza wala kupunguza.

Mke wangu Talaso alikuwa mzaliwa wa Merti. Alifariki huko huko, miaka michache iliyopita, alipokwenda kumwona mama yake. Aliugua ghafla. Habari iliponifikia hapa mtaani Chechelesi nilipanda lori la kwanza, lakini mvua ilikuwa imenyesha juu, mto umejaa, barabara imekatika. Tulilala porini tukilitazama tope. Nilipofika Merti walikuwa wameshamzika, kama dini yetu inavyotaka, na simlaumu yeyote. Dada yake alinishika mkono akaniambia, "Shemeji, alikungoja. Alikuwekea maziwa, akatukataza kuyamwaga."

Nilimshukuru. Lakini moyoni niliuliza lile swali langu la darasani. Aliningoja kweli, au hayo yalikuwa maneno ya kumpoza mfiwa? Watu wema husema uongo mwingi msibani. Nilitaka kulisikia neno hilo kutoka kinywani mwa Talaso mwenyewe, na kinywa hicho kilikuwa chini ya udongo. Tangu siku ile sikuwa na haja nyingine kubwa duniani. Nililala nayo na kuamka nayo.

Sasa lazima niwaeleze desturi moja ya kwao, maana bila hiyo hamtanielewa. Nyumbani kwa kina Talaso, mwanamume anayekwenda safari ndefu hupewa maziwa kabla ya kuondoka, na huyanywa yote mpaka chombo kiwe kikavu. Akirudi hupewa tena, lakini mara hii hubakiza funda moja, na mkewe hulimalizia. Funda hilo ndilo husema: nimerudi, sitoki tena. Hakuna anayelitamka. Mke hutazama ndani ya chombo, akajua. Nimelibakiza funda hilo maisha yangu yote ya ndoa, hata niliporudi kutoka Meru tu kununua chaki.

Jambo la pili ni picha. Kitabu nilichofundishia kilikuwa na picha ya kijiji cha kale kilichojengwa juu ya kilima, nyumba za mawe zimebanana kama kondoo waliosikia fisi, na chini yake Bahari ya Mediterania. Nilipokuwa nikiandaa somo mezani, Talaso aliichungulia na kucheka.

"Watu gani hawa," alikuwa akisema, "wanaoishi juu na maji yako chini? Nani anawapandishia?"

"Siku moja nitakwenda nikuletee jibu."

"Wewe, Mwalimu wa Mawe? Wewe unayesimama kwenye kila jiwe kuliuliza umri wake? Utanikuta nimeshafika, nimewasha moto, nimekuwekea maziwa."

Mwalimu wa Mawe. Hakuna mtu mwingine aliyeniita hivyo, na hakuna mtu mwingine aliyemsikia akiniita hivyo, kwa sababu mbele za watu aliniita Baba Dahabo kwa heshima.

Dahabo ndiye binti yetu. Ameolewa na anaishi Italia, katika mji wa pwani, ambako kazi yake ni kutunza wazee. Alipopata mimba alinitumia tiketi, akasema hataki kujifungua bila mzazi karibu. Nilikwenda. Wiki ya pili akanipeleka kwa gari lake kukiona kijiji cha kilimani. Hakikuwa kile cha kwenye picha. Hiyo ingekuwa hadithi ya kupendeza, na mimi sitoi hadithi za kupendeza. Kilikuwa kijiji kingine cha aina hiyo. Jina lake sitalitaja, na mkifika mwisho mtajua sababu.

Gari halikuweza kupita lango. Dahabo alizitazama ngazi za mawe zinazopanda na kupotea kwenye kona, akaketi kwenye benchi penye kivuli.

"Baba, mimi na tumbo hili tunaishia hapa. Panda peke yako, polepole. Na tafadhali usiende kuwafundisha watu wa huko jiografia ya kwao."

"Wakikosea nitawasahihisha."

"Najua. Ndiyo maana naomba."

Ilikuwa adhuhuri ya kiangazi, saa ambayo watu wa huko hufunga madirisha na kulala. Nilipanda kati ya kuta ambazo mawe yake yamelambwa na mikono ya vizazi. Vichochoro vilikuwa vyembamba, punda wawili wasingepishana. Niliona paka, niliona nguo zimeanikwa juu ya kichwa changu, sikuona mtu. Nilijua kwa nini walijenga juu vile: maharamia walikuja kutoka baharini kuiba watu na mifugo. Sisi huzungushia boma miiba kwa hofu hiyo hiyo. Niliwaza jinsi ambavyo Talaso angefurahi kusikia hivyo, nikageuka kumwambia. Mnajua jambo hilo, ninyi mliofiwa? Shingo hugeuka kabla akili haijakumbuka.

Hapo ndipo nilipoisikia harufu.

Kwetu chombo cha maziwa hufukizwa kwa kijinga cha ejersa, yaani mzeituni wa mwituni. Moshi wake hukaa ndani ya chombo na kuyapa maziwa ladha ambayo mtu wa kwetu hawezi kuisahau. Naam, vilima vile vimejaa mizeituni, ndugu wa ejersa yetu, na wakulima huchoma matawi waliyoyapogoa. Msiniambie hilo, nilijiambia mwenyewe pale pale. Lakini harufu niliyoisikia haikuwa ya moshi peke yake. Ilikuwa ya moshi uliokutana na maziwa ya ngamia. Na katika nchi ile, ngamia atoke wapi?

Niliifuata. Ilinipitisha chini ya tao la mawe, ikanipandisha ngazi nyingine, ikanifikisha kwenye mlango uliokuwa wazi nusu. Kwa mazoea tu ya mtu anayesimama mlangoni pa watu, nilisema, "Asalaam aleikum."

"Waaleikum salaam," sauti ya mwanamke ilinijibu kutoka ndani. Kisha, kwa Kiborana cha Merti: "Ingia. Umechelewa, Mwalimu wa Mawe."

Mtaniuliza kama niliogopa. Sikuogopa. Niliingia kama mtu anayeingia kwake. Macho yangu yalikuwa yametoka kwenye jua kali, na chumba kilikuwa na giza, kwa hiyo sura yake sikuiona vizuri, na sitadai nilichokosa kukiona. Niliona mwanamke aliyejitanda nguo nyeusi, ameketi kwenye kigoda kando ya moto. Mikono niliiona, maana ilikuwa katika mwanga wa moto. Ilikuwa imeshika chicho, kile chombo chetu kidogo cha maziwa kilichosukwa kwa nyuzi, na ilikuwa ikizungusha kijinga ndani yake. Katika kidole gumba cha kushoto palikuwa na kovu lililopinda. Kovu hilo Talaso alilipata utotoni, kamba ya kisima ilipomponyoka.

"Barabara ilikatika," nilisema. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Ni kama nilikuwa nimeshuka kwenye lile lori sasa hivi, tope bado liko miguuni. "Mto ulijaa."

"Mto hujaa," alisema. "Keti. Umesimama kwenye mawe mangapi njiani?"

"Si mengi."

"Mwongo." Alicheka, kile kicheko chake cha puani. "Na hawa watu, umeshauliza? Maji wanapandishaje?"

"Siku hizi kwa mabomba."

"Ala! Na mimi miaka yote nikiwahurumia wanawake wao!"

Nilicheka pia. Sikuwa nimecheka hivyo tangu azikwe.

"Dahabo yuko chini," nilimwambia. "Ana mimba."

"Najua. Mwambie asinyanyue vitu vizito. Mgongo wake ni wangu."

Alitoa kijinga, akapangusa ndani ya chicho, akamimina maziwa. Swali langu lilikuwa limefika kwenye ulimi. Uliningoja? Neno moja tu. Lakini kwetu mgeni hapewi maziwa akaanza kuhoji. Hunywa kwanza, maneno baadaye. Nikasema moyoni, nitakunywa, kisha nitamwuliza kwa utulivu.

Nilikipokea chombo kwa mikono miwili. Sijui niwaelezeje. Nilikuwa mjane aliyezoea maziwa ya pakiti, kwenye kikombe cha bati, peke yangu, na kikombe cha mjane hakibakizwi kitu kwa sababu hakuna wa kumbakizia. Nilikuwa nimepanda ngazi juani. Lakini kiu peke yake haikunifanya vile. Ladha ile ilinirudisha kwenye kila jioni niliyowahi kurudi nyumbani, na nilikunywa kama mtu anayevutwa. Nilipokiteremsha chombo, kilikuwa kikavu.

Alikipokea. Akatazama ndani. Akakigeuza juu ya kiganja chake, akangoja. Halikudondoka hata tone.

"Kumbe unaondoka," alisema taratibu. "Na mimi nilikuwa nimekungoja."

Mmesikia? Jibu nililolitafuta kwa miaka, nililipata. Nililipata ndani ya sentensi iliyonifukuza.

"Hapana, Talaso," nilisema. "Ilikuwa kiu. Nilisahau. Sitoki, sikiliza, mimi sitoki…"

"Safari njema, Mwalimu wa Mawe."

Kengele ya kanisa ililia juu yetu. Niligeuza kichwa, kufumba na kufumbua tu. Nilipomrudia, jua lilikuwa likinipiga utosini. Nyumba haikuwa na paa. Mtini ulikuwa umeota katikati ya sakafu na kupasua mawe, na mahali pa moto palikuwa pamejaa majani makavu. Nilipeleka mkono. Mawe yalikuwa baridi. Niliita jina lake, mimi mzee mzima, mpaka dirisha moja la jirani likafunguliwa na mtu akanikemea kwa lugha nisiyoijua.

Ninyi mnaofikiri jua lilinipanda kichwani, ngojeni. Nilishuka. Sikuwa nimetamka neno lolote. Dahabo aliinuka kunipokea, na ghafla akasimama. Mnajua pua ya mwanamke mjamzito.

"Baba, nani amekupa maziwa?"

"Kwa nini?"

Alinikaribia, akanigusa masharubu, akanusa kidole chake. Macho yake yalijaa machozi. "Hii ni harufu ya chicho cha Mama."

Hapo nilimwambia yote. Alizitazama zile ngazi, akalitazama tumbo lake, akazitazama tena ngazi. Niliona miguu yake inataka kwenda.

"Hayuko tena, mwanangu. Nilikunywa yote."

Dahabo ni mtoto wa mama yake, desturi anaijua. Aliketi tena kwenye benchi. Kisha akauliza, "Alisema lolote juu yangu?"

"Alisema usinyanyue vitu vizito. Mgongo wako ni wake."

Akacheka huku analia, akajishika kiuno.

Alijifungua salama, mtoto wa kike, na jina la mtoto mnalijua bila kuambiwa. Nikarudi Isiolo. Sasa, katika nyumba yangu ya Chechelesi chicho cha Talaso kimetundikwa ukutani tangu alipofariki. Sikuwahi kukitumia. Jioni, upweke ukizidi, nilikuwa nikifungua kifuniko na kunusa, na yeye alikuwa humo. Jioni niliyorudi nilikiteremsha kabla hata ya kufungua begi. Nilifungua. Hakikuwa na harufu yoyote. Si ya moshi, si ya maziwa, si yake. Kilikuwa kama chombo kilichotoka dukani.

Ninanunua vijiti vya ejersa sokoni na kukifukiza mwenyewe. Kinanukia moshi. Hakina harufu yake.

Kwa hiyo ninawaonya, na onyo langu ni la mtu aliyekuwepo. Jina la kijiji nimelificha ili asiende mtu mwenye msiba mbichi kuzunguka kwenye vichochoro vile akinusa hewa. Lakini huenda si lazima mtu asafiri. Ikitokea mahali popote, mchana wowote, ukapewa kinywaji na mkono unaoutamani kuliko yote, usikimbilie kushiba. Haijalishi koo linakuambia nini. Bakiza.

Mimi siku hizi sikaushi kikombe. Kila jioni ninajaza chicho, ninakunywa, ninabakiza funda moja, ninakifunika na kukiweka upande wa kitanda aliokuwa akilala. Asubuhi ninafungua na kutazama ndani.

Funda bado lipo.