Shingo ya Mama wa Bwana Harusi

Tak Bok-rye anauza dagaa wakavu katika soko la Daegu, hatua chache kutoka duka langu la kushona hanbok, vazi la jadi la Kikorea. Kwa miaka kumi nimemwona ameinamia simu mapajani, akitazama mashindano ya waimbaji, kidevu karibu kifuani. Ana miaka hamsini na minane.

Mwanawe alipochumbia, mama wawili walikuja kupimwa pamoja: yeye hanbok ya buluu, mama wa bibi harusi, Ma Yun-ok, ya waridi. Siku ya harusi mama hao hutembea bega kwa bega hadi mbele kuwasha mishumaa, migongo kwa wageni. Niliwavisha hanbok za kujaribia. Kola nyeupe ya Yun-ok ililala shingoni kama imepakwa gundi. Ya Bok-rye iliachana na kisogo, vidole viwili vikapita.

"Mkwe mwenzangu, hiyo ni shingo ya kobe kabisa," Yun-ok akacheka. "Simu hiyo!"

"Kobe anaishi miaka mingi, mkwe wangu."

Yun-ok alipoondoka, Bok-rye alinishika mkono. "Umeiona shingo yake? Kama korongo! Wageni mia mbili watatuangalia kwa nyuma. Nifichie shingo hii, dada."

Nikakata kitambaa, nikaisogeza kola mbele kufuata shingo yake. Hapo nilikosea, kwa sababu nilimwambia pia yale niliyofundishwa shingo yangu ilipokufa ganzi kwa kushona: inua simu ifike machoni, viwiko viegemee meza, kila dakika ishirini simama, vuta kidevu nyuma taratibu. Sikudhani angefuata.

Wivu ulimfanya afuate. Alipanga maboksi matupu ya dagaa, akasimamisha simu juu yake.

"Bok-rye, unamwabudu nani hapo?" jirani muuza mwani akamuuliza.

"Namwabudu mkwe mwenzangu. Nyamaza!"

Wiki sita baadaye, asubuhi ya harusi, nilimvika. Shingo haikuwa ya korongo, lakini ilikuwa imerudi nyuma. Kitambaa nilichokikata kwa shingo ya zamani kikajikunja kisogoni, mkunjo mnene kama kamba. Buluu ile ilikuwa imekwisha dukani.

"Inama kidogo tu," nilimwomba. "Mkunjo utapotea."

Aliinama mbele ya kioo. Ukapotea kweli. Akatazama muda mrefu.

"Nikiinama, yeye atanizidi urefu."

"Usipoinama, wataona mkunjo."

"Wauone."

Niliketi safu ya tatu. Walitembea, Bok-rye amevuta kidevu nyuma kama askari, mkunjo ukionekana mpaka mlangoni. Mbele ya mishumaa Yun-ok akamnong'oneza, sisi wa karibu tukasikia: "Kola yako imejikunja, mkwe."

"Najua. Wewe shusha kidevu, picha zitaonyesha matundu ya pua."

Yun-ok akashusha.

Siku tatu baadaye Bok-rye aliingia dukani, simu ameiinua usawa wa macho, picha ya migongo miwili imekuzwa. Alikuwa ameweka ukucha juu ya kichwa kimoja, kisha juu ya kingine.

"Nimemzidi?"

Nikapima kwa rula yangu. "Mko sawa."

"Pima tena, dada. Ameweka nywele nyingi juu."