Nilivyohesabu Vifo kwa Masikio

Nianze na ujinga wangu kabla majirani hawajawaeleza: mimi nilihesabu wafu nikiwa nimeketi barazani, chai mkononi.

Siku yangu ya kwanza kama mhudumu wa afya ya jamii hapa Ekerenyo, afisa wa zahanati alitufundisha maana ya vifo vya ziada. "Msihesabu wa korona peke yao, wengi hawapimwi," alisema. "Leteni vifo vyote vya kijiji. Tutalinganisha na miaka ya kawaida. Vikizidi, tutajua ugonjwa umeingia, na chanjo ikija tutaanzia huko."

Alitaka tupige hodi mlango kwa mlango. Lakini mimi, ambaye hata sokoni Keroka naenda nikifukuzwa na mke wangu, niliona taabu ya nini? Kwetu mtu akifa kilima kizima husikia: mayowe, hema, vipaza sauti usiku kucha. Ningeketi tu nisikilize.

Nikasikia kimya. Nikaripoti kwamba vifo vimepungua. Afisa akafurahi, na chanjo za kwanza zikapelekwa upande wa Keroka.

Jirani yangu, Mzee Ondari, alikuwa na kisukari. Kila jioni aliniuliza kutoka ng'ambo ya ua, akiniita mzee kwa Kigusii: "Omogaka, sindano yetu imefika wapi?"

"Tulia, mzee. Siku hizi hatufi."

"Basi nitakuzika mimi," alinicheka, huku akikohoa.

Alikufa kabla ya sindano kufika. Amri za wakati ule zilitaka mazishi ya haraka, watu wachache, bila hema wala mkesha. Mkewe, Mama Moraa, alimzika asubuhi mapema, na hakuna aliyepaza sauti. Mimi nilishika jembe. Nikirudi kupitia migomba ya boma linalofuata, nikakuta kaburi jipya. Boma la pili, jingine. Udongo ungali mbichi, na sikuwa nimesikia lolote. Siku hiyo nilizunguka kijiji kizima, miguu ikinitukana.

"Ulihesabu makaburi au kelele?" afisa aliniuliza.

"Kelele, daktari."

Hakunigombeza. Alichukua kalamu, akaifuta hesabu yangu.

Chanjo ilipokuja hatimaye, aliyepata dozi ya kwanza akasahau ya pili nilimfuata hadi katikati ya majani chai. Mama Moraa alinyoosha mkono wake bila kunitazama.

Sasa nimestaafu. Vijana wanaripoti kwa simu, nami nawaambia waende wakapige hodi; simu nayo ni baraza tu. Juzi nilimlalamikia Mama Moraa kwamba ugonjwa ule ulituua kimyakimya, nani angejua?

Aliendelea kukatia ng'ombe nyasi.

"Miguu ulikuwa nayo, Baba Nyaboke. Ulitaka sisi tulie ndio ujue tumekufa."