Muuza Nyama wa Katwe na Mchezo wa Bunduki

Mimi majina hayanipotei. Nilisoma mpaka darasa la tatu tu, lakini niulize nani alikaa jirani na nani hapa mtaani Katwe, mama yake nani, alizikwa wapi, nitakutajia. Humu siyaandiki, maana watoto wao wapo, na wengine wana midomo.

Sasa mjukuu wangu wa kike, mwenye miaka kumi na miwili, mjomba wake alimletea mashine ya michezo ya kwenye televisheni. Unashika kidude cha vitufe, mtu wako anatembea na bunduki, anaua. Likizo hii ustadhi wa madrasa akaleta mashtaka: mtoto kampiga mwenzake na ubao. Binti yangu akawaka.

"Ni hiyo mashine! Jumamosi naipeleka soko la Nakawa, nauza."

Mtoto akaja kunilalia magotini. "Jaja, niombee kwa mama." Jaja ndiyo bibi, kwetu huku.

Nikasema, jamani, mimi katika ujana wangu sikuona watu wakifa? Kibanda cha video kilikuwa nyuma ya karakana za masufuria. Filamu zenyewe za Kizungu na za Kichina, hatuelewi neno, kwa hiyo palikuwa na bwana wa kipaza sauti anatusimulia kwa Kiganda, na kila mtu wa ndani ya filamu anampa jina la mtu wa mtaani kwetu. Siku moja jambazi aliyemchinja msichana akapewa jina la muuza nyama wetu. Basi kesho yake nani anunue nyama pale? Wanawake tulisimama mlangoni: "Yule msichana alikukosea nini?" Bwana wa watu anaapa hajamgusa mtu, na kisu kiko mkononi. Nilikula maharage wiki nzima. Si kwamba sikujua ni filamu. Nilijua. Lakini nilimwona kwa macho yangu!

Nikamwambia binti, "Filamu nazo zilitutia wazimu, tukapona."

"Mama, wewe ulitazama tu. Huyu anaua mwenyewe, kwa kidole chake."

Nikamwomba siku moja nijaribu. Nikiona mbaya, auze.

"Sawa. Wewe ndiye kadhi."

Kesho yake, binti yupo sokoni Nakasero na vitunguu vyake, tukakaa mkekani. Mtu wangu akaingia mjini, anatazama ukuta tu. Akatokea mwanamume wa ndevu.

"Jaja, piga!"

"Huyu nani?"

"Adui!"

"Jina lake? Mtoto wa nani?"

"Hana jina, Jaja, piga..."

Nikapigwa mimi. Nikasema inna lillahi. Kumbe nimeshafufuka, nimesimama pale pale na bunduki yangu. Yule wa ndevu nikamwuliza tena, akaniua tena. Mara ya tano, anachungulia nyuma ya pipa, jina sikuuliza tena. Kibandani nililia mpaka kanga ikalowa, hata jambazi alipokufa nilimlilia, maana alikuwa na jina. Huyu hakuniliza. Nikabonyeza. Akaanguka. Vizuri! Nikatafuta mwenzake.

Binti aliporudi alinikuta nimepiga magoti, ushungi uko shingoni, maharage yanaungua jikoni, nami napiga kelele: "Toka nyuma ya pipa, mtoto usiye na mama!" Mjukuu kashika kichwa. "Jaja, zamu yangu tangu saa nane!"

Binti akaweka kapu chini. "Haya kadhi, hukumu?"

Ningedanganya vipi, na moshi ule? "Filamu zilinikaa moyoni," nikasema. "Hii imenikaa mkononi, na moyo haukuulizwa. Mtoto acheze saa moja kwa siku. Na kila anayemwua ampe jina kwanza, na la mama yake."

Mashine haikwenda Nakawa. Mjukuu analalamika kwamba akimaliza kutunga jina ameshauawa yeye. Juzi mmoja alimpa jina la shangazi yake, akashindwa kumpiga, akamwacha apite. Ustadhi hajarudi tena na mashtaka.

Aliyekatazwa kabisa ni mimi. Asubuhi binti yangu anaondoka na kile kidude ndani ya kapu, chini ya vitunguu, anakirudisha jioni mtoto akitoka madrasa. Nami nakaa na maharage yangu, siyaunguzi.