Mstari wa Mzee wa Kikole

Nilikuwa na kiburi cha kijinga, niseme ukweli. Katika ofisi ya ushirika wetu pale Masoko, mimi ndiye niliyekuwa fundi wa mfumo wa kuandikisha wakulima wa korosho wapate salfa, ile dawa ya unga ya kupulizia mikorosho. Siku moja mfumo ulizimika, majina kadhaa yakapotea. Basi kila aliyelalamika nilimtafuta kwenye logi, lile faili ambamo seva huandika kila ombi linaloingia. Niliunganisha amri sita, moja inaipasia nyingine: fungua, chuja, panga, punguza, panga tena, tafuta namba. Nikibonyeza, wenzangu wanasema, "Duh!" Nilizipenda hizo duh.

Akaja mzee mmoja kutoka Kikole. Shikamoo, marahaba, nikaingiza namba yake ya mkulima. Hakuna kitu.

"Mzee, hukujiandikisha."

"Nilijiandikisha, mwanangu. Kwa simu ya mwalimu wa madrasa. Wallahi."

"Kompyuta haidanganyi, mzee," nikamjibu, tena kwa sauti, foleni nzima ikasikia. Watu wakacheka. Akavaa kofia yake, akaondoka bila kuaga.

Wiki kadhaa baadaye, salfa ilishagawiwa ikaisha, mwenzangu wa meza ya pili akachungulia kazi yangu. "Kaka, safari yote hii ya nini? Grep, hiyo amri yako ya kutafuta, inalisoma faili yenyewe." Akafuta amri tano, akabakiza hiyo moja na namba ya mzee. Mstari wa ombi lake ukatokea hapohapo.

Nikazipitia amri zangu moja moja. Amri yangu ya nne ilibakiza ombi moja tu kwa kila simu, maana watu hubonyeza mara mbilimbili. Simu moja, mtu mmoja, ndivyo nilivyoandika. Kumbe kule nusu ya kijiji walijipanga kibarazani kwa mwalimu, simu ileile. Na mimi ni mtoto wa hukuhuku! Mama yangu mwenyewe hujiandikisha kwa simu ya jirani.

Nilichapisha ule mstari, nikapanda bodaboda hadi Kikole. Nilimkuta shambani. Maua ya mikorosho yalishapigwa na ubwiri, ule ukungu ambao salfa huuzuia, meusi, yanapukutika ukiyagusa. Nikamwomba radhi, nikampa karatasi.

"Ahsante, mwanangu. Sasa hii niipulizie mikorosho?"

Laiti angenitukana. Aliikunja taratibu, akanirudishia. "Kawasomee wale waliocheka."

Sikuwasomea. Nilijiambia foleni ile ilishatawanyika, lakini wapi, niliona haya tu. Karatasi iko kwenye droo yangu mpaka leo.