Nyongo Yangu ya Kushoto na Nyama ya Jirani

Wakati wa vita nilikuwa nauza chumvi na sabuni Kashebere, na jirani yangu anakaanga nyama ya nguruwe. Kila nikila nyama yake, maumivu yananishika chini ya mbavu za kushoto mpaka napiga kelele.

"Amekupa sumu," mama mkwe akasema.

Kwetu anayekupa chakula huonja kwanza mbele yako. Jirani alionja kila mara, tena vipande vinono, mpaka mimi nikamwita mlafi. Haikumsaidia. Mama mkwe alisema huyo ameshazoea sumu yake! Wateja wakamkimbia, vijana wakamwambia ahame kabla hawajachoma nyumba. Ahamie wapi, na bunduki zilijaa njiani? Nilikasirika wakimwonea, lakini nani atamsikiliza mgonjwa?

Muuguzi wetu alinibonyeza upande wa kulia. "Inauma?"

"Hapana, iko huku kushoto!"

"Nyongo haikae huko, Mama." Akanipa dawa ya minyoo.

Nikaenda Goma. Mama mkwe akanisindikiza, ashuhudie sumu ikitolewa. Daktari aliniangalia kwa mashine, akaita wenzake waje kuona.

"Mama, ulizaliwa kinyume. Ini iko kushoto, moyo kuume. Nyongo nayo iko kushoto, imejaa mawe. Mafuta ya nguruwe njo inayaamsha."

"Si nilisema?" mama mkwe akadakia. "Moyo ya huyu haijakuwaka mahali pake!"

Wangetoboa matundu madogo tu na kuingiza kamera. Lakini kwa kuwa mimi ni kinyume, kwanza walihamisha televisheni ya kuonyesha kamera, daktari akasimama mahali pa msaidizi, msaidizi mahali pa daktari, wakajaribu mikono hewani wakigongana viwiko. "Pardon!" "Pardon!" Mungu wangu, nikalala nikisikia hizo pardon.

Nilipoamka, mama mkwe alikuwa ameshika mawe yangu ndani ya chupa. Njiani kurudi, penye kizuizi cha barabarani, askari aliyainua juani.

"Hii ni madini gani?"

"Imetoka mu tumbo ya huyu," mama mkwe akamjibu. "Chukua, Papa."

Askari akairudisha chupa upesi, akajipangusa mikono.

Kashebere tulimkuta jirani amefunga mizigo mlangoni, anakaanga nyama ya mwisho. Mama mkwe hakusalimia mtu. Akaweka chupa ya mawe mezani, akaketi, watu wakajaa kutazama.

"Nipe nyama."

Jirani akachukua kipande aonje kwanza. Mama mkwe akamnyang'anya, akakitia mdomoni mwake, akatafuna taratibu mbele ya wote.

"Chumvi imepungua," akasema. "Kesho ongeza."