Waya Uliotekwa na Mtani

Mtani wangu ni Myao wa Masasi, mimi Mmakonde wa Mkunya, kwa hiyo ana haki ya kunitukana hata msibani. Miaka ile hospitali za binafsi zilikuwa zinaota kama uyoga, nasi tukaajiriwa katika moja ndogo pale Masasi, yeye fundi umeme, mimi mtu wa kompyuta.

Baba alipofariki, mtani ndiye aliyeingia kaburini na jembe. Alichimba huku akilalamika kwa sauti kwamba marehemu alikuwa bahili, hata udongo wake hautaki kutoka. Mama, ambaye hakuwa amefungua mdomo tangu jana yake, akacheka.

Nikarudi kazini, mambo shwari, mpaka umeme ulipokatika na kurudi. Kuanzia hapo majibu ya maabara hayakuwafikia madaktari kwenye kompyuta zao. Wauguzi wakawa wanakimbizana na vikaratasi. Mkurugenzi, mama mkali aliyetoka Dar, akanifuata.

“Kama kuna aliyegusa mashine zangu,” akasema, “leo hii anaondoka.”

Tulikuwa na seva mbili zinazosaidiana. Ndani yake ziliishi kompyuta za kufikirika, zisizo na kioo wala vitufe, kama wapangaji wanaoweza kuhama kati ya nyumba mbili. Mmoja alikuwa wa maabara, mwingine wa madaktari. Nilipowabishia hodi kutoka mezani kwangu, wote waliitika vizuri. Nikimtuma wa maabara ambishie hodi mwenzake, kimya. Nikakagua anwani, nikalegeza ulinzi, wapi! Nilitamani kulipiga teke kabati la seva. Mwisho, kwa hasira tu, nikawahamishia wote kwenye seva moja. Wakaanza kuongea papo hapo. Nikawatenganisha, wakanuniana tena.

Kumbe ubaya haukuwa kwao, ulikuwa njiani. Siku zote kabla ya hapo walikaa nyumba moja, hawakuhitaji njia; umeme uliporudi kila mmoja akaamkia ya kwake. Nikazunguka nyuma ya kabati kutafuta waya unaounganisha seva hizo. Haukuwa umekatika. Haukuwepo.

Mwenye ufunguo mwingine wa chumba cha seva alikuwa mtani. Nikamuuliza.

“Nimeuteka,” akajibu bila hata kusimama. “Umetoka msibani hujanipa hata kuku wa utani, na mtani asiyelipwa huteka kitu mpaka kikombolewe. Nikavuta waya mmoja, nikasikiliza, hospitali nzima haikulalamika. Nikajua huo ni wa ziada.”

“Uko wapi?”

“Nyumbani. Mke wangu kaanikia kanga.”

Nilijaribu kumkasirikia, nikashindwa, mtani hakasirikiwi. Ila nilimwogopea, maana ana watoto wanne na maneno ya mkurugenzi nilikuwa nimeyasikia. Kwake ni nyuma tu ya hospitali. Tukaenda, tukaanua kanga, tukarudi mbio na waya begani. Mlangoni pa chumba cha seva tukamkuta mkurugenzi.

“Waya ulilegea, mama,” nikasema.

“Ukalegea mpaka ukaenda kufua?”

Vibanio vya nguo vilikuwa bado vinaning'inia. Nikaona uongo hauna pa kukaa, nikamweleza yote: utani, kuku, kaburi, na mama yangu alivyocheka. Hapo hofu ilinishika kwelikweli. Nilijiona nimemchimbia kaburi aliyemchimbia baba yangu.

Mkurugenzi akabandua kibanio kimoja, akakigeuzageuza mkononi.

“Baba yangu tulimzika Dar,” akasema. “Watu walikuja na magari yao, wakawa wanatazama saa. Hakuna aliyetuchekesha.”

Akaniashiria niingie nikachomeke waya. Nilipokuwa nimeinama nyuma ya kabati, nikamsikia akimuuliza fundi wake, kwa sauti ya chini ambayo hakuwahi kuitumia pale kazini:

“Nikifa mimi, utakuja?”

“Nitakuja, mama,” mtani akajibu. “Nitakusema mpaka wanao wacheke.”