Simba Kwenye Kiti cha Tryphena

Tryphena Mwandawiro hakuwa mtu wa kuburutwa. Mumewe alipofariki, mashemeji walitaka arudi kwao Mbololo. Yeye akabaki nyumbani kwa mumewe, huko juu milimani, akawalea watoto wake kwa jembe na sindano. Vitambaa vyake vya makochi vilitandikwa sebuleni mwa watu mpaka Voi.

Mwaka 1974 naibu wa chifu, Mzee Josphat, mtu aliyependa ukubwa kuliko chakula, alimwagiza kitambaa chenye simba dume, cha kutandika kwenye kiti anachokalia akihutubia watu. Simba ni mfalme, akaeleza, na mwananchi akimwona atajua anaongea na nani. Tryphena akamdarizi simba mwenye manyoya tele shingoni na meno nje. Naibu alipompokea, naye akakenua.

Basi kazi ile ilimpendeza Tryphena mwenyewe, akadarizi simba wa pili na kumtandika kwenye kiti chake nyumbani. Umbeya haukukawia. Naibu alifika akiwa amefura, akaamuru simba yule afumuliwe mbele ya watu wote kwenye mkutano wa Ijumaa, kwa kuwa mnyama huyo ni wa wakubwa. Tryphena akikataa, atapoteza nafasi ya cherehani yake sokoni, na karo ya watoto ilitoka hapo hapo sokoni.

Ijumaa Tryphena alipanda mlima hadi mkutanoni, kiti mgongoni. Aliogopa, tusidanganyane. Lakini alipomwona simba wa naibu pale mbele, kazi ya mikono yake mwenyewe, hasira ilimpanda na woga wote ukamtoka. Akakitua kiti chake mkabala na kile kingine. Naibu, akiwa amesimama, akamnyooshea wembe.

"Haya, Mama Elsie. Fumua."

Tryphena akaupokea.

"Sawa, mzee. Huyo wako pia nimemtengeneza mimi. Nikianza kufumua, naanza na yeye."

Akapiga hatua moja. Naibu akaketi haraka juu ya simba wake, akashika mikono ya kiti kwa nguvu, na watu wakaanza kucheka. Tryphena akarudi, akaketi juu ya wake, akamwomba aendelee na mkutano.

Nafasi ya sokoni alinyang'anywa kweli. Akaiweka cherehani mlangoni kwake, na wanawake wakamfuata huko huko mlimani, kila mmoja akiagiza simba.